Neno “run”: maji, miguu na mashine

Neno “run” la Kiingereza lina silabi moja na sauti tatu: r, irabu fupi, kisha nazali n. Mtoto wa Kiingereza hulitamka kabla hajajua kuhesabu vidole vyake. Hata hivyo, kila moja ya sauti hizo ina kisa chake, na msemaji wa Kiswahili hujikwaa kwenye ile ambayo hakuidhania.

Macho huiendea r kwanza. R ya Kiswahili ni kimadende: ncha ya ulimi hugonga ufizi, mara moja au zaidi. R ya London au New York haigongi kitu. Ulimi huinuka, ukasita hewani nyuma ya ufizi, na midomo ikabinuka kidogo huku hewa ikipita bila mkwaruzo. Scotland, wasemaji wengi bado huipiga kwa ncha ya ulimi, kwa hiyo Mswahili anayetia kimadende chake katika neno hili yuko karibu na Edinburgh kuliko London, na hana la kuonea haya. Tatizo kubwa zaidi ni kupisha r na l, linalowapata wale ambao lugha zao za kwanza hazizitenganishi sauti hizo. Kikuyu, kwa mfano, hakina l. Katika Kiswahili mpishano huo huzaa mzaha wa “kura” na “kula” kila msimu wa uchaguzi. Katika neno hili haudhuru sana, kwani Kiingereza hakina neno “lun”, na msikilizaji hulirekebisha mwenyewe.

N ya mwisho nayo haitulii. Ikifuatwa na sauti ya midomo, kama katika “run back”, Waingereza wengi wakisema haraka huigeuza kuwa m. Ikifuatwa na k au g, hurudi nyuma kinywani na kuwa kama ng’. Jambo hili halihitaji somo kwa Mswahili. Kanuni hiyohiyo ndiyo inayofanya ubao uwe mbao katika wingi, na ulimi uwe ndimi: nazali hufuata mahali pa jirani yake.

Mtego uko kwenye irabu. Ile iliyo katikati ya “run” hutamkwa ulimi ukiwa umelegea katikati ya kinywa, midomo bila kuviringwa, na haina mwenzake miongoni mwa irabu tano za Kiswahili. Iliyo karibu nayo ni a. Lakini a hiyohiyo ndiyo inayochukua pia nafasi ya irabu ya “ran”, umbo la wakati uliopita. Matokeo yake ni kwamba katika Kiingereza cha Afrika Mashariki “run” na “ran” mara nyingi hutamkwa sawasawa. Darasani mwalimu huandika herufi mbili tofauti ubaoni na kinywani mwake ikatoka sauti moja. Njeo hubaki kubebwa na maneno ya pembeni, kama “jana” na “kila siku”. Na anayesikiliza redio asiambiwe ni lini, atangoja sentensi inayofuata.

Ajabu ni kwamba maneno ya mkopo ya zamani yaliwahi kuzitenganisha irabu hizo mbili vizuri kuliko shule. Maneno ya Kiingereza yenye irabu ya “run” yaliingia Kiswahili kwa a: basi, pampu, pancha, plagi, raba, namba, jagi, brashi, bajeti. Yenye irabu ya “ran” mara nyingi yaliingia kwa e: benki, begi, gesi, teksi, stempu, meneja. Zipo tofauti, kama kamera na tanki, lakini mwelekeo unaonekana. Fundi wa gereji aliyeipokea pampu kwa a na meneja aliyeipokea benki kwa e walisikia irabu mbili. Lau sheria yao ingefuatwa, “ran” ingesikika kama “ren”, na utata wa njeo usingekuwapo.

Maandishi yenyewe yanaonyesha u, na u hiyo haikuwekwa kwa makosa. Hadi karne ya 16 Waingereza walitamka hapo irabu iliyokaribia u ya Kiswahili. Katika karne ya 17 wasemaji wa kusini mwa Uingereza walianza kuiachia midomo, na irabu ya zamani ikagawanyika: katika “put” ilibaki kama u, katika “run” na “cut” ikahama. Kaskazini mgawanyiko huo haukufika. Mtu wa Leeds au Manchester bado hulitamka neno hili kwa irabu ya zamani, na “put” na “cut” kwake vina vina sawa. Mwanafunzi wa Kiswahili anayelisoma kwa u kama anavyoliona hupewa alama ya kosa, ingawa kosa lake pekee ni kuchelewa miaka mia nne.

Historia ya neno ni ndefu kuliko ya tahajia yake. Kiingereza cha kale, kilichosemwa hadi karibu mwaka 1100, kilikuwa na kitenzi “rinnan”, ambacho mara nyingi zaidi kilitamkwa “irnan”, r ikiwa imeruka mahali pake. Kuruka kwa r hakukuwa kigeni: neno la Kiingereza la ndege, “bird”, nalo lilikuwa “brid”. Wavamizi na walowezi wa Skandinavia walipokuja na kitenzi chao “rinna”, ndugu wa damu wa kile cha kale, umbo linaloanza kwa r lilipata nguvu likashinda. Kitenzi kilibadilisha irabu kulingana na njeo: i kwa wakati uliopo, a kwa uliopita, u kwa hali timilifu, kama ilivyo mpaka leo kwa kitenzi cha kuimba na cha kunywa. Kwa sababu isiyo wazi, u ya hali timilifu ikauvamia wakati uliopo, na kufikia karne ya 16 ilikuwa imetawala. Scotland ilibaki na “rin”, na ndivyo neno linavyoonekana katika mashairi ya Robert Burns.

Kilicho muhimu zaidi katika nasaba hiyo ni maana. Katika lugha za Kijerumaniki kwa jumla, ukoo wa Kiingereza na Kijerumani, mzizi huu ulihusu maji tangu zamani. Kijerumani cha leo kina “rinnen”, kutiririka, na “rennen”, kukimbia kwa miguu. Na wataalamu wa historia ya lugha wanaonyesha kwamba hicho cha pili kilizaliwa kuwa kauli ya kutendesha ya cha kwanza. Mguu ulitoka majini. Kiingereza kina hata neno la kimeng’enya cha kugandishia maziwa ya jibini, “rennet”, lililotoka kwenye mzizi huohuo, kwa kuwa maziwa yanayoganda yalionekana kama yanayotiririkiana na kushikana.

Hapa ndipo “run” na “kimbia” zinapoachana. Kamusi huziweka bega kwa bega, na kwa mwanariadha zinalingana: Eliud Kipchoge alikimbia kilomita 42.195 jijini Vienna tarehe 12 Oktoba 2019 kwa saa 1 dakika 59 na sekunde 40, na hakuna anayehitaji maelezo zaidi. Lakini watazamwe watoto wa kila kitenzi. “Kimbia” imezaa mkimbizi, kimbilio, na kukimbiliwa. Imezaa usemi wa kuikimbia nchi na kuikimbia familia. Moyo wa neno la Kiswahili ni hatari iliyo nyuma ya mtu. Moyo wa neno la Kiingereza ni maji yaliyo mbele ya macho, yanayoshuka bila kusukumwa. Mto, pua, bomba, machozi, rangi ya nguo iliyofuliwa, mshumaa unaoyeyuka: vyote kwa Kiingereza vina kitenzi kimoja. Kwa Kiswahili mto hutiririka, pua hutoa kamasi, bomba hutoa maji, machozi hububujika, nguo huchuja, nta hudondoka. Mfasiri chipukizi anayeandika kwamba pua ya mtoto inakimbia huwafanya wasomaji wajiulize inamkimbia nani.

Maana nyingi zinazoonekana kutawanyika hurudi kwenye mtiririko huo bila kulazimishwa. Barabara ya Kiingereza “hutiririka” toka mji hadi mji, japokuwa imelala palepale. Jicho ndilo linalosafiri juu yake. Kiswahili nacho husema barabara inakwenda Morogoro, na hakuna aliyewahi kuiona ikiondoka. Leseni huendelea kutumika mwaka mzima, filamu huchukua saa mbili, ugonjwa hurudi kizazi hadi kizazi katika ukoo, mkataba hufika tamati yake: Kiingereza hukitumia kitenzi hikihiki kwa vyote, kwa kuwa muda kwake ni maji. Kiswahili kiliionja picha hiyo kwa kitenzi kingine, pale watu wanaposema muda unayoyoma.

Upande wa pili wa neno una asili yake tofauti. Kiingereza cha kale kilikuwa na kitenzi cha pili, “ærnan”, kilichoundwa kwa kauli ya kutendesha: kukifanya kitu kiende mbio, hasa farasi. Karne zilipopita, vitenzi viwili vikakaribiana sauti, vikagongana, vikawa kimoja. Kiingereza kilipoteza hapo kitu ambacho Kiswahili kimekihifadhi kwa kiambishi kidogo tu. Mswahili ana kimbia na kimbiza, enda na endesha, tiririka na tiririsha. Wanaobeba Mwenge wa Uhuru Tanzania huitwa wakimbiza Mwenge, na neno lenyewe linaonyesha nani anafanya na nini kinafanyiwa. Mwingereza hana kiambishi hicho. Farasi hukimbia na mwenye farasi humkimbiza, kwa neno lilelile. Anayesikiliza hujua tofauti kwa kuangalia kama kuna yambwa baada ya kitenzi. Sehemu kubwa ya uwingi wa maana unaowasumbua wanafunzi ni huo tu: kila maana ina pacha wake wa kutendesha, wasiotofautishwa kwa umbo.

Hivyo ndugu wa kweli wa “run” katika Kiswahili si “kimbia”. Ni “enda”, na mwanawe “endesha”. Saa haiendi, biashara inakwendaje, mashine inakwenda vizuri. Mtu huendesha gari, kikao, kesi, duka, nchi, na programu ya kompyuta, na katika kila mfano huo Kiingereza kinaweza kusema “run”, ingawa kwa gari hupendelea kitenzi kingine. Ulingano huo haukomei penye heshima. Mtu mwenye tumbo la kuendesha, kama wanavyosema watu wa pwani, kwa Kiingereza cha mitaani ana ugonjwa unaoitwa kwa wingi wa neno hilihili. Lugha mbili zisizo na undugu wowote zimefikia mzaha mmoja, kila moja kwa njia yake.

Kitenzi hiki kilitumika kwa mitambo tangu karne ya 16, lakini enzi ya mvuke ndiyo iliyokinenepesha. Reli ya Liverpool na Manchester ilipofunguliwa mwaka 1830, treni “zilikimbia” kwa ratiba, na kampuni “ilizikimbiza”. Kiwanda, mtambo, mabomba, kisha umeme: kila kilichotembea bila mnyama kilihitaji kitenzi, na neno la maji lilikuwa tayari mkononi. Katika karne ya 19 Wamarekani walilipeleka ofisini, kuendesha biashara kukawa sawa na kuendesha mtambo. Magazeti nayo “yalikimbiza” habari, maana karatasi ilipita kwenye mashine. Karne moja baadaye kompyuta ilirithi msamiati huo wote bila kuugusa.

Watunzi wa kamusi ndio walioubeba mzigo huo. Kamusi kuu ya Oxford, ambayo sehemu yake ya kwanza ilitoka mwaka 1884 chini ya uhariri wa James Murray na kukamilika mwaka 1928, ilikuwa kwa miaka mingi na neno jingine kileleni: “set”. Katika toleo la pili la mwaka 1989, lenye juzuu 20, kitenzi hicho kilipewa maana zaidi ya 430 na maelezo ya maneno kama 60,000, na watu wa maswali ya chemshabongo walikariri hivyo. Toleo la tatu lilipoanza kutayarishwa, mhariri Peter Gilliver alikaa miezi tisa na “run” peke yake. Mwaka 2011 ilijulikana kwamba kitenzi hicho kimefikia maana 645.

Idadi hiyo inavutia, ila isipokelewe bila kupimwa. Mtunzi wa kamusi ya kihistoria hugawanya: mto ni maana moja, pua nyingine, bomba nyingine, na bahari inayokwenda kwa nguvu nyingine tena, kila moja na mfano wake na mwaka wake. Mwenye kamusi ya mfukoni angeziunganisha zote nne kwa sentensi moja. Kiswahili kingeweza kupata idadi ya kutisha kwa kitenzi “piga” kama mtu angeamua kutenga kila matumizi: kupiga simu, pasi, deki, picha, hodi, chafya, mbizi, mswaki, miayo, na kupiga mbio pia. Msemaji haoni mamia ya maana kichwani mwake. Anaona pigo moja na vitu vingi vinavyopigwa. Kwa Mwingereza vilevile, 645 ni hesabu ya mhariri. Mtoto wa miaka mitano anamiliki mtiririko mmoja na ruhusa ya kuupeleka popote.

Ruhusa hiyo haikutumiwa sawasawa kote duniani, na uchaguzi ni mfano mzuri. Mmarekani anayetaka kiti “hukikimbilia”; matumizi hayo yalianza huko katika karne ya 19. Mwingereza kwa desturi husimama, na mpaka leo magazeti ya London husema mtu amesimama katika jimbo fulani. Kinyang’anyiro ni kilekile, mmoja anakwenda mbio na mwingine kasimama wima. Kiswahili hakikuchukua miguu wala msimamo: mtu hugombea, kitenzi kilichotoka kwenye kugomba, na kwa hakika ndicho kinachosema kweli zaidi kati ya vitatu. Wamarekani wana pia neno la mtu anayegombea pamoja na mkuu wake, lililotoka kwenye mashindano ya farasi, ambako farasi wa pili wa zizi moja aliingizwa ili kumsaidia mwenzake kushika kasi. Tanzania tangu uchaguzi wa 1995, na Kenya tangu Katiba ya 2010, huyo ni mgombea mwenza. Mbio zimetoka na farasi wametoka. Wenza ndio uliobaki.

Penye utata kwelikweli ni pale neno linaposhikamana na viambata vifupi vinavyobadilisha kila kitu. Likifuatwa na “out”, ni kwisha au kuishiwa, na Kiswahili hapa kina ufasaha unaopendeza: sukari imekwisha, nasi tumeishiwa. Likifuatwa na “away”, ni kutoroka. “Into” huleta maana mbili zisizopatana, kumgonga mtu na kukutana naye kwa bahati njema. “Over” humkanyaga mtu kwa gari, humwaga chungu kinachochemka, na hupitisha kikao muda wake. “Through” huweza kumchoma mtu kwa upanga, kupitia hotuba kabla ya kuitoa, au kuzitapanya fedha za urithi. “Down” ni betri kuisha nguvu, mtu kugongwa, au mtu kusemwa vibaya. Hakuna kanuni ya kuzikokotoa maana hizi toka kwenye sehemu zake, ingawa baada ya kuzijua nyingi mtu huanza kuona maji yakipita chini.

Mkazo husaidia kidogo. Kitenzi kinapoungana na kiambata chake, mkazo mzito huelekea kwenye kiambata. Neno hilo likigeuka nomino, mkazo huhamia kwenye “run” yenyewe. Mtoro kwa Kiingereza hutambulika kwa mkazo wa mwanzo, kitendo chake cha kutoroka kwa mkazo wa mwisho. Kiswahili, ambacho mkazo wake hukaa karibu daima kwenye silabi ya pili toka mwisho, kina mifano michache ya kuigiza jambo hili; wa darasani ni barabara, ambayo kwa mkazo mmoja ni njia na kwa mwingine ni sawasawa.

Nomino “run” ni shamba jingine, na kichekesho chake ni kwamba mara nyingi hakuna anayekimbia. Katika kriketi ni alama inayopatikana wapiga mpira wawili wanapobadilishana ncha za uwanja. Lakini mpira ukivuka mpaka baada ya kugusa chini, timu hupewa alama nne za namna hiyo na wapigaji husimama wakitazama. Kenya, iliyofika nusu fainali ya Kombe la Dunia la kriketi mwaka 2003, ilipata alama zake kwa njia zote mbili. Katika tamthilia ni muda ambao mchezo unaonyeshwa mfululizo: The Mousetrap ya Agatha Christie ilianza London Novemba 1952 na haikusimama hadi ugonjwa wa Uviko ulipofunga kumbi mwaka 2020. Kwa mfugaji ni uwanja wa kuku uliozungushiwa wavu. Kwa Mmarekani ni mchaniko unaopanda kwenye soksi ndefu za kike.

Na kwa wenye fedha ni siku wateja wanapopoteza imani na benki wote kwa pamoja. Septemba 2007 picha za tukio la namna hiyo katika benki ya Northern Rock, Uingereza, zilionyesha watu wamepanga foleni ndefu nje ya matawi, wamesimama kwa saa kadhaa, wengine na viti vyao vya kukunja. Machi 2023 foleni haikuhitajika sana. Kwa siku moja wateja wa Silicon Valley Bank ya Marekani waliagiza kutolewa dola bilioni 42, wengi wao kwa simu na kompyuta. Mwandishi wa Kiswahili aliyelazimika kuliripoti tukio hilo alikuwa na vitenzi viwili vya kuchagua: wateja waliikimbia benki, au fedha zilitiririka kutoka.